Kanada yatafuta maridhiano na wenyeji asilia kuanzia chekechea

KATIKA siasa za Kenya, neno maridhiano humjia msomaji pamoja na picha ya viongozi wawili wakipeana mikono mbele ya Harambee House, kama ilivyokuwa Machi 9, 2018. Nchini Kanada neno hilo limetua mahali pengine kabisa. Tangu 2015 limekuwa likitajwa katika mikutano ya walimu wa chekechea, katika miongozo ya kuwafunza watoto wasiozidi miaka mitano na katika bajeti za serikali kuu.

Kwa mtazamo wa kwanza jambo hilo laweza kushangaza. Mtoto ambaye bado anafungwa kamba za viatu hajamkosea mtu. Aliyepokonywa ardhi ni babu ya babu yake, na aliyepokonya ni babu ya babu ya mwenzake wanayegombania naye kigari cha mbao. Wao wawili hawana habari. Ni kwa nini basi mzigo wa taifa zima utuliwe kwenye mlango wa chekechea?

Wenyeji asilia wa Kanada, ambao hugawika katika Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, hujibu kwamba dhuluma yenyewe ilipitia mlango huo huo. Aliyelengwa alikuwa mtoto.

MTOTO ALIVYOGEUZWA SHABAHA

Mnamo 1883 Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, John A. Macdonald, aliliambia bunge kwamba shule zilizojengwa katika makazi ya wenyeji hazikufaa kitu, kwa kuwa mtoto aliishi na wazazi wake, ambao yeye aliwaita washenzi, na kuendelea kufuata mienendo yao. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kumtoa mtoto huyo mikononi mwa wazazi na kumpeleka mbali. Serikali ikatoa fedha, nayo makanisa ya Kikatoliki, Kianglikana, Kipresbiteri na Kimethodisti yakaendesha shule za bweni.

Mnamo 1920 sheria ilirekebishwa ili kuwalazimisha watoto wa wenyeji wenye umri wa miaka saba hadi 15 kwenda shule, na mzazi aliyekaidi angeweza kuadhibiwa. Wapo waliochukuliwa kabla ya kutimiza umri huo. Kwa jumla, watoto wapatao 150,000 walipitia shule hizo, na ya mwisho haikufungwa hadi miaka ya mwisho ya karne ya 20.

Huko mtoto alinyolewa nywele, akavuliwa nguo alizotoka nazo nyumbani, akapewa jina jipya na mara nyingi nambari. Aliyenaswa akisema lugha ya mama yake aliadhibiwa. Msomaji wa Kenya hana haja ya kuelezwa sana kuhusu adhabu hiyo, kwani kizazi kizima cha hapa nchini kilivishwa kibao shingoni kwa kosa lilo hilo, na marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliliandikia jambo hilo kwa uchungu. Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa. Wengi wa waliovishwa kibao hapa walirejea jioni kwenye moto wa jikoni na kuzungumza na mama zao walivyotaka. Mtoto wa Kikrii au wa Kiinuit alikaa miezi kumi, au hata miaka kadhaa, bila kuiona familia yake.

Wengine hawakurudi kamwe. Mapema kama 1907, Daktari Peter Henderson Bryce, aliyekuwa afisa wa afya wa serikali, aliripoti kwamba kifua kikuu kilikuwa kikiwaua watoto kwa wingi katika shule za magharibi mwa nchi. Ripoti yake ilipuuzwa, na baada ya kuondolewa kazini aliichapisha hoja yake mwenyewe mnamo 1922. Vifo zaidi ya 4,000 vimethibitishwa hadi sasa. Mnamo Mei 2021, uchunguzi wa rada karibu na iliyokuwa shule ya Kamloops, katika mkoa wa British Columbia, ulionyesha dalili za makaburi takriban 200 yasiyo na alama, na habari hizo zikaitikisa dunia. Papa Francis alifunga safari hadi Kanada mnamo Julai 2022 na kuomba msamaha kwa niaba ya Wakatoliki waliohusika.

MADHARA YALIYORITHIWA

Kufungwa kwa shule hizo hakukuyamaliza mambo. Mtu hujifunza kulea kwa kulelewa. Aliyekulia bwenini kati ya kengele na fimbo, bila kubembelezwa wala kuimbiwa, alitoka huko akiwa mzazi asiye na pa kuigia. Baadhi walizama katika ulevi, wengine waliwaficha watoto wao lugha ya asili ili wasije wakapatwa na yaliyowapata wao.

Kisha likafuata pigo la pili. Baada ya sheria kubadilishwa mnamo 1951, maafisa wa ustawi wa jamii wa mikoa walipata nguvu ya kuingia katika makazi ya wenyeji na kuwachukua watoto waliodaiwa kutelekezwa. Kuanzia miaka ya hamsini hadi themanini, maelfu ya watoto walipelekwa kulelewa na familia za Wazungu, baadhi yao nje ya nchi. Mara nyingi kilichoitwa kutelekezwa kilikuwa umaskini tu, au mtoto kulelewa na nyanya badala ya mama, jambo ambalo katika jamii nyingi za Kiafrika pia halimshangazi mtu.

Athari zake zingali zinahesabika. Katika sensa ya 2021, watoto wa wenyeji asilia walikuwa asilimia 7.7 ya watoto wote wa Kanada wasiotimiza miaka 15, lakini miongoni mwa watoto waliowekwa chini ya walezi wasio wazazi wao, wao walikuwa asilimia 53.8.

Ni katika hali hiyo ambapo Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoongozwa na Jaji Murray Sinclair, ilizunguka nchi nzima na kuwasikiliza mashahidi zaidi ya 6,500. Kabla yake, mnamo Juni 11, 2008, Waziri Mkuu Stephen Harper alikuwa ameomba radhi bungeni. Tume ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mnamo Juni 2015 na kuyaita yaliyotendeka mauaji ya halaiki ya kitamaduni. Mwito wa 12 ni sentensi moja tu. Unazitaka serikali zote, zikiwemo za wenyeji wenyewe, kubuni mipango ya elimu ya watoto wachanga inayolingana na utamaduni wa familia za wenyeji asilia.

Sinclair, aliyefariki Novemba 2024, alizoea kusema kwamba elimu ndiyo iliyoitumbukiza nchi katika shida hiyo na kwamba ni elimu itakayoitoa. Kauli hiyo hunukuliwa sana, na ni rahisi kuinukuu. Ugumu u katika kumshawishi nyanya aliyepokonywa utoto wake na shule akubali kumkabidhi mjukuu wake kwa jengo jingine lenye mwalimu, ratiba na rejista.

NYANYA NDANI YA DARASA

Njia iliyoonekana kufaa ni kumwingiza nyanya huyo darasani.

Mpango wa serikali kuu unaoitwa Aboriginal Head Start, ulioanzishwa 1995 kwa ajili ya familia zilizo mijini na katika maeneo ya kaskazini, ulijengwa juu ya nguzo sita: utamaduni na lugha, maandalizi ya shule, afya, lishe, msaada wa kijamii, na ushirikishwaji wa wazazi. Miaka mitatu baadaye ulipanuliwa hadi kwenye maeneo yaliyotengewa Mataifa ya Kwanza. Ni muhimu kutambua kwamba utamaduni na lugha vilitajwa kuwa nguzo kamili, na wala si pambo la siku ya sherehe. Aidha, mzazi hakutarajiwa kumwacha mtoto getini. Anaweza kuketi, kupika, kuimba, kujifunza mwenyewe yale ambayo shule ya bweni ilimnyima.

Mzee aliyealikwa hafundishi kwa chaki. Anachuna ngozi, anasuka kikapu, anasafisha samaki, na watoto wanamzunguka. Mtoto huuliza, mzee hujibu au hanyamazi kabla ya kumsimulia kisa ambacho jibu limo ndani yake. Sehemu kubwa ya siku hutumika nje, hata kwenye theluji, kwa kuwa ardhi kwa jamii hizo ni mwalimu mwenye hadhi sawa na mtu. Wazee wa jamii ya Mi'kmaq huko Nova Scotia, Albert na Murdena Marshall, walilipa wazo la kuunganisha maarifa hayo na sayansi ya kisasa jina la kuona kwa macho mawili: jicho moja liangalie nguvu ya elimu ya wenyeji, la pili liangalie nguvu ya elimu ya Kimagharibi, na yote mawili yatumike pamoja.

Mtu anayeshuku umuhimu wa kuanza mapema hivyo anaweza kuutazama utafiti uliochapishwa 1984 na Janet Werker na Richard Tees. Wataalamu hao waliwajaribu watoto wachanga kutoka familia za Wakanada wanaozungumza Kiingereza ili kuona kama wangeweza kutofautisha sauti za Kihindi na za Kinthlakampx, lugha ya wenyeji wa British Columbia. Watoto wa miezi sita hadi minane waliweza. Waliofikisha miezi kumi hadi 12, wengi wao hawakuweza tena. Sikio la mtoto, kwa maneno mengine, huanza kuzifunga baadhi ya milango kabla hata hajatembea vizuri. Lugha inayosubiri hadi darasa la nne ili ifundishwe mara mbili kwa wiki huwa inabisha mlango uliokwisha kufungwa nusu.

VIOTA VYA LUGHA

Kutokana na hali hiyo, baadhi ya jamii zimekwenda mbali zaidi ya kumkaribisha mzee mara kwa mara. Zimeanzisha vituo ambamo watoto wa chini ya miaka mitano hawasikii lugha nyingine ila ile ya asili, kuanzia wanapobadilishwa nepi hadi wanapolazwa mchana. Hakuna somo la lugha, kwa sababu kila kitu ni lugha.

Wazo hilo lilitoka kwa Wamaori wa New Zealand. Mnamo 1982, karibu na jiji la Wellington, walifungua kituo cha kwanza walichokiita kohanga reo, yaani kiota cha lugha. Katika muda wa miaka kumi na ushei vituo vilikuwa vimezidi 800, na vingi vilianzishwa na familia zenyewe kwa michango na vyumba vya kuazima. Mtaala wa taifa wa chekechea uliotolewa huko 1996, Te Whāriki, uliandikwa kwa lugha mbili na jina lake lina maana ya mkeka uliosukwa ambao wote husimama juu yake.

Hata hivyo, historia ya viota hivyo ina funzo ambalo wapenzi wa mipango ya serikali hawapendi kulisikia. Vilipoanza kupokea ruzuku, vililazimika kufuata kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya chekechea za kawaida. Nyanya aliyekuwa mwalimu bora wa lugha akageuka kuwa mfanyakazi asiye na cheti. Idadi ya watoto ikaanza kushuka. Mnamo 2012 Baraza la Waitangi, ambalo huchunguza malalamiko ya Wamaori dhidi ya serikali, liliamua kwamba serikali ilikuwa imekiuka wajibu wake kwa kuvishurutisha viota hivyo viingie katika mfumo usiolingana na lengo lao.

Nchini Kanada, mojawapo ya viota vya mwanzo kilifunguliwa 1987 na wazazi wa jamii ya Secwepemc katika eneo la Adams Lake, British Columbia. Wazazi hao waligundua upesi kwamba mtoto aliyetoka kiotani akiwa na miaka mitano na kuingia shule ya Kiingereza aliipoteza lugha karibu kwa kasi ile ile aliyoipata. Mnamo 1991 wakafungua shule yao ya msingi, Chief Atahm, inayofundisha kwa Kisecwepemc. Mkoa huo pekee una lugha za asili zaidi ya 30, kadhaa zikiwa zimebaki na wazungumzaji wachache mno wenye umri mkubwa. Kila msimu wa baridi unaopita huweza kuondoka na mwalimu ambaye hana wa kuichukua nafasi yake.

Vikwazo vya huko vinafanana na vya New Zealand. Leseni ya kituo hudai mwalimu mwenye stashahada, jiko la aina fulani na nyama iliyokaguliwa. Nyama ya paa mkubwa wa msituni aliyewindwa na mjomba wa mtoto haina muhuri wa mkaguzi. Kanuni hizo zilitungwa kwa nia njema, ili kuwalinda watoto, na si haki kuzidharau. Lakini ni lazima pia ikumbukwe kwamba wakaguzi wa shule za bweni nao walikuwa na fomu zao, na fomu hizo hazikumlinda yeyote. Kwa sababu hiyo wenyeji wanasisitiza kwamba jambo la kwanza katika maridhiano ni mamlaka: nani anaandika kanuni, nani anaajiri, nani anaamua mtoto asomeshwe kwa lugha ipi.

NA WATOTO WA WENGINE?

Kufikia hapo, mtu angedhani kwamba suala zima linawahusu watoto wa wenyeji peke yao. Sivyo. Wenyeji asilia ni takriban asilimia tano ya Wakanada wote. Iwapo chekechea zao zitaimarika huku asilimia 95 wakiendelea kukua bila kujua wanaishi kwenye ardhi ya nani, patakuwa na ufufuo wa utamaduni, lakini hapatakuwa na maridhiano, kwa kuwa mtu haridhiani na kivuli chake.

Ni katika chekechea za walio wengi ambapo mambo yamekuwa na vituko zaidi. Kwa miaka mingi walimu wema kabisa waliwakatia watoto karatasi za rangi wakabandika manyoya na kuwavisha vichwani, wakiamini wanawafunza kuhusu wenyeji. Zoezi hilo lilimfundisha mtoto kwamba mwenyeji ni mtu wa kale, wa kuigizwa, ambaye hayupo tena. Miongozo mipya imelikataa, na kwa haki. Mtoto wa daktari au dereva wa lori wa Kikrii anayeketi katika darasa hilo hilo hana manyoya kichwani.

Mahali pake pamechukuliwa na desturi mbili ambazo nazo zina walakini wake. Ya kwanza ni kutambua ardhi: kila asubuhi watoto huketi duara na kutaja jina la taifa la wenyeji ambalo eneo hilo ni lake kiasili. Wapo wenyeji wanaoithamini desturi hiyo. Wapo wengine wanaoiona kama sala inayosomwa haraka haraka ili watu wale. Mtoto wa miaka minne anaweza kulikariri tamko lote bila kujua kama Anishinaabe ni jina la watu au la mboga, ila kama ametembezwa mtoni, akaambiwa mto huo waitwaje kwa lugha ya wenyewe, na pengine akakutana na mwenyewe.

Desturi ya pili ni shati la rangi ya chungwa. Mnamo 1973 msichana wa miaka sita, Phyllis Webstad, alifika katika shule ya bweni ya St Joseph's karibu na mji wa Williams Lake akiwa amevaa shati jipya la rangi hiyo alilonunuliwa na nyanya yake. Alivuliwa siku hiyo hiyo na hakurudishiwa kamwe. Aliposimulia kisa hicho hadharani miaka 40 baadaye, Septemba 30 ikaanza kuadhimishwa kama Siku ya Shati la Chungwa. Septemba ikiwa ndio mwezi ambao watoto walikuwa wakichukuliwa. Tangu 2021 tarehe hiyo ni sikukuu rasmi ya serikali kuu, Siku ya Kitaifa ya Ukweli na Maridhiano.

Kisa hicho kinawafaa watoto wadogo kuliko takwimu zozote. Hakina damu. Mtoto wa miaka mitatu hajui ukoloni ni nini, lakini anajua vyema maumivu ya kunyang'anywa kitu alichopewa na nyanya. Hapo ndipo walimu wengi huanzia, na maswali ya watoto huwaongoza kujua pa kuishia. Mjadala ungalipo kuhusu kiasi gani cha ukweli kinamfaa mtoto wa umri huo. Baadhi ya wazazi hulalamika kwamba watoto wao wanatwishwa hatia isiyo yao. Wenyeji nao hujibu kwamba watoto wao walitwishwa mambo yenyewe, na wala si hadithi yake, wakiwa na umri huo huo. Jibu hilo ni kali, lakini halijibu kila kitu: mwalimu bado anapaswa kuchagua maneno, na vyuo vingi vya ualimu vilikuwa havijamfunza namna ya kuyachagua. Tume yenyewe ilitaka historia hiyo ifundishwe tangu chekechea kwa kuzingatia umri wa mwanafunzi.

FEDHA NA SHERIA

Nia njema isiyo na bajeti haimlishi mtoto. Mnamo Septemba 2018 serikali kuu ilitangaza mwongozo wa elimu na malezi ya watoto wachanga wa wenyeji, ulioandaliwa pamoja na mashirika ya kitaifa ya Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, na kuutengea dola bilioni 1.7 za Kanada kwa miaka kumi. Bajeti ya 2021, ambayo iliahidi chekechea za dola kumi kwa siku kwa wananchi wote, iliwaongezea wenyeji dola bilioni 2.5 kwa miaka mitano. Sheria ya Machi 2024 kuhusu malezi ya watoto ikaandika bayana kwamba watoto wa wenyeji hunufaika zaidi na huduma zinazoongozwa na jamii zao wenyewe.

Kabla ya hapo, sheria nyingine iliyoanza kutumika Januari 2020 ilitambua haki ya jamii za wenyeji kutunga sheria zao kuhusu ulinzi wa mtoto na familia. Mkoa wa Quebec uliipinga mahakamani, na Mahakama ya Juu ikaiidhinisha yote Februari 9, 2024.

Haya yote hayakuletwa na hisani. Mengine yalipatikana kwa kesi. Jordan River Anderson, mtoto wa jamii ya Krii kutoka Norway House, mkoani Manitoba, alizaliwa 1999 akiwa na maradhi mazito. Madaktari walipoona kwamba angeweza kutoka hospitalini na kutunzwa nje, serikali kuu na ile ya mkoa zilianza kubishana kuhusu ni nani angelipia huduma hizo. Zilibishana kwa zaidi ya miaka miwili. Jordan alifariki 2005 akiwa na miaka mitano, hospitalini, bila kuishi hata siku moja katika nyumba ya wazazi wake. Mnamo Desemba 2007 bunge lilipitisha kwa kauli moja kanuni yenye jina lake, kwamba mtoto wa Mataifa ya Kwanza ahudumiwe kwanza na serikali zigombane baadaye.

Kupitisha kanuni na kuitekeleza ni mambo mawili. Wanaharakati wakiongozwa na Cindy Blackstock, msomi wa jamii ya Gitxsan, walikuwa wameishtaki serikali mwaka huo huo, na Januari 2016 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Kanada iliamua kwamba serikali iliwabagua watoto wa Mataifa ya Kwanza kwa kuzipa huduma zao fedha pungufu. Fidia ya zaidi ya dola bilioni 23 iliidhinishwa Oktoba 2023. Ni mojawapo ya malipo makubwa zaidi ya aina hiyo katika historia ya nchi hiyo, na mengi ya makosa yanayofidiwa yalitendeka baada ya waziri mkuu kusimama bungeni na kuomba radhi.

YANAYOIHUSU KENYA

Kenya nayo ilikuwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ripoti yake ilikabidhiwa Rais Mei 2013, na Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni na kuahidi hazina ya Sh10 bilioni. Ripoti ilizitaja dhuluma dhidi ya jamii ndogo na ardhi zao, lakini mjadala uliofuata ulitekwa na wanasiasa, na chekechea haikusikika ndani yake.

Ilhali mazingira ya kisheria hapa si mabaya. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kukuza lugha za kiasili, na Kifungu cha 56 kinataka jamii ndogo na zilizotengwa zisaidiwe kuendeleza tamaduni na lugha zao. Katiba hiyo hiyo imeweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, karibu na wananchi kuliko ilivyo Ottawa. Sera ya elimu nayo inaelekeza kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka ya mwanzo. Kwa Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, hata hivyo, lugha ya eneo ni Kimaa, kama ilivyo Kisamburu kwa Waelmolo wa Ziwa Turkana. Sera inayoilinda lugha ya mama ya walio wengi inaweza, bila kukusudia, kuimaliza ile ya wachache. Wayaaku wamebaki na wazee wanaohesabika ambao bado wanakumbuka lugha yao, na wajukuu wao wamo katika chekechea za kaunti.

Kwa Waogiek wa Mau, suala lingali katika hatua ya mapema zaidi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Mei 26, 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki zao, ikiwemo ya ardhi na ya utamaduni. Juni 23, 2022 iliagiza walipwe fidia ya Sh157.85 milioni na ardhi ya mababu zao ipimwe na kusajiliwa kwa jina la jamii. Novemba 2023, mamia ya Waogiek walifurushwa tena Sasimwani, Kaunti ya Narok, wengi wakiwa na watoto wadogo.